Simu ya Upepo Ziwani: Njia za Shirika na Nguvu ya Mawimbi

Katika somo hili nataka kuwaeleza wasomaji habari za simu ya upepo ya kusemezana, ile ambayo siku hizi wengi huiita redio koli. Nia yangu si kufundisha vitufe vya kubonyeza, kwa maana kila kiwanda hupanga vitufe vyake kipendavyo, na kitabu cha mtambo mmoja hakifai kwa mwingine. Nataka kueleza mambo mawili ambayo fundi huyaweka ndani ya mtambo kabla haujatoka mkononi mwake. La kwanza ni namna watu wengi wanavyogawana njia chache za kusemea. La pili ni kiwango cha nguvu ya mawimbi ambacho mtambo ukishuka chini yake huacha mnara mmoja na kutafuta mwingine. Mambo haya yakiwekwa vibaya, mtambo huwasha taa zake zote, huonekana mzima, na mwenye nao akiita hajibiwi.

Naandika haya Kigwena, kusini ya mji wa Rumonge katika nchi ya Burundi, na mahali hapa pafaa sana kwa somo hili. Mbele yetu ni Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko kiasi cha mita 773 juu ya usawa wa bahari. Nyuma yetu, ukisha kupita michikichi na kile kipande cha msitu wa asili kinachohifadhiwa, nchi hupanda upesi kuelekea milima inayogawa maji ya Kongo na maji ya Nile. Ng'ambo ya ziwa ni rasi ya Ubwari, nchi ya Kongo. Ukifuata barabara ya kusini utafika Nyanza-Lac, halafu mpaka wa Tanzania. Basi tuna maji mapana, milima mirefu, na nchi tatu zinazotazamana. Mawimbi ya simu ya upepo hayajui mpaka, lakini mlima huujua vizuri sana.

Wavuvi wa ndagala huvua usiku kwa taa, wengine kwa mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja, wengine kwa vyombo vikubwa zaidi ambavyo hapa Burundi huitwa apollo. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, nao hupumzika. Usiku wa giza huondoka wote kwa pamoja. Tena kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini hupiga kwa nguvu, na ziwa hubadilika katika muda mfupi. Yashikeni mambo haya mawili, giza na upepo, kwa sababu tutayarudia katika hesabu.

Labda mtu atauliza: kwa nini asitumie simu ya mkononi? Wengi huitumia, na ni chombo chema. Lakini simu ya mkononi humwita mtu mmoja, kisha mwingine, kisha mwingine. Anayeona upepo unakuja hana nafasi ya kupiga simu mara arobaini. Kwa simu ya upepo hubonyeza mara moja, husema maneno matano, na boti zote za kundi lake husikia kwa wakati ule ule. Juu ya hayo, simu ya mkononi nayo hugawana njia na huhama kutoka mnara hadi mnara kwa kanuni zile zile nitakazozieleza. Kwa hiyo hata asiyepata kugusa redio koli maishani mwake atakuwa amejifunza habari za chombo kilichomo mfukoni mwake.

Tuanze na njia. Hapo zamani kila kundi lilipewa njia yake, yaani masafa yake, na halikuweza kutumia nyingine. Fikirini mwalo wenye mitumbwi mitano ya kuvushia watu, na kila mtumbwi ni wa ukoo mmoja tu. Mtumbwi wa ukoo wenu ukiwa safarini, mtasimama ufukweni hata kama mitumbwi minne mingine imelala mchangani bure. Sasa fikirini mwalo wa pili. Mitumbwi ni ile ile mitano, lakini ni ya shirika, na yuko msimamizi ufukweni. Kila anayekuja humwambia msimamizi aendako, naye humwonyesha mtumbwi ulio wazi. Hivyo ndivyo ulivyo utaratibu ambao mafundi huuita trankingi. Msimamizi wa mwalo ni njia moja inayotengwa kwa kazi ya uongozi tu, haisemewi na watu. Mtambo wako ukiwashwa huitafuta njia hiyo, hujitaja kwa namba yake, kisha hukaa kimya ukiisikiliza. Ukibonyeza, mtambo huomba njia; uongozi huchagua iliyo wazi na kuwaamuru wote wa kundi lako wahamie huko. Haya hufanyika kwa muda mfupi kuliko wa kufumba na kufumbua, na ndiyo maana mtu afundishwaye hukatazwa kuanza kusema kabla ya kusikia mlio wa ruhusa. Asiyeungoja hupoteza neno lake la kwanza, na katika wito wa hatari neno la kwanza mara nyingi ndilo jina la mahali.

Uingereza iliandika kanuni zake za utaratibu huu mwaka 1988, chini ya jina la MPT 1327, na mitambo ya namna hiyo ikaenea katika nchi nyingi. Ulaya iliandika nyingine katika miaka ya 1990, ya mitambo ya tarakimu, iitwayo TETRA. Lakini hesabu ya jambo lenyewe ni ya zamani zaidi. Aliitoa Mdenmaki mmoja, Agner Krarup Erlang, wa kampuni ya simu ya mji wa Copenhagen, katika maandishi ya mwaka 1917. Yeye alishughulika na nyaya za simu za mjini, lakini swali ni lile lile: watu wengi, njia chache, ni wangapi watakaokuta zote zimeshikwa?

Kipimo cha shughuli huitwa erlangi. Njia moja ikisemewa saa nzima bila kukoma, hiyo ni erlangi 1. Watu wakitaka kusema dakika 12 katika saa, hiyo ni erlangi 0.2. Hesabu yenyewe mwanafunzi yeyote aliyemaliza sehemu za namba ataiweza. Anza na 1, maana pasipo njia hata moja kila mtu hukosa. Kisha kwa kila njia unayoongeza, chukua jawabu la nyuma, lizidishe kwa erlangi, halafu ligawe kwa jumla ya idadi ya njia na hicho ulichokipata.

Tuseme, kwa mfano wa darasani tu, kwamba kuna mialo mitano, na katika kila mwalo matajiri wengi wenye boti zao, kila tajiri na kundi lake. Kila mwalo wahitaji dakika 12 za mazungumzo katika saa. Kwanza, kila mwalo upewe njia moja yake: 0.2 gawanya kwa 1.2, jawabu ni sehemu moja ya sita. Katika kila watu sita wanaobonyeza, mmoja hukuta njia imeshikwa. Sasa tuzitie njia zote tano katika shirika. Moja twaitoa kwa uongozi, zabaki nne, na shughuli ya mialo yote ni erlangi 1. Kwa njia ya kwanza twapata nusu. Kwa mbili, moja ya tano. Kwa tatu, moja ya kumi na sita. Kwa nne, moja ya sitini na tano. Angalieni jambo hili vizuri: tumepoteza njia nzima kwa kumlipa msimamizi, wala hatukununua hata waya mmoja, na bado anayekosa si mmoja katika sita tena, ni mmoja katika 65. Mimi katika hesabu zote za ufundi sijaona nyingine inayotoa faida kubwa hivi kwa gharama ndogo hivi. (Mitambo mingi haimfukuzi anayekosa bali humweka katika foleni, na hesabu ya foleni hutofautiana kidogo, lakini hii yatosha kuonyesha njia.)

Hata hivyo Erlang alikisia kwamba watu huita kila mmoja kwa wakati wake, bila kungojeana. Huko mjini hilo ni kweli kwa kiasi. Ziwani si kweli, kwa sababu usiku wa giza wote wako majini, na upepo ukianza wote hubonyeza kwa dakika zile zile. Tuseme shughuli imepanda kutoka erlangi 1 hadi 4, kwa njia zile zile nne. Fanyeni hesabu, mtapata kwamba watu 31 katika 100 watakosa njia. Usiku ambao simu yahitajika kuliko usiku wote, karibu theluthi moja hawapati. Hapo ndipo umuhimu wa jambo moja ambalo fundi huweka mtamboni, nalo ni kikomo cha muda wa kusema. Kama desturi ya watu ni kusema dakika nzima kila wabonyezapo, nawe ukaweka kikomo cha sekunde 30, basi kwa wito ule ule shughuli hushuka hadi erlangi 2, na wanaokosa hawafiki 10 katika 100. Watu hukinung'unikia sana kikomo hiki, wakisema kwamba mtambo huwakata midomo. Na wanung'unike. Mtu mzima aweza kusema jina lake, mahali alipo, na shida yake katika sekunde kumi na tano.

Pia kuna wito wa hatari, ambao hutangulizwa mbele ya foleni yote. Kitufe chake huwa kidogo, mara nyingi chekundu au cha rangi ya machungwa, karibu na antena. Fundi asipokiwasha katika mpango wa mtambo, kitufe hubaki pambo tu. Kabla ya kupokea mtambo wowote, ombeni kijaribiwe mbele ya macho yenu.

Sasa nguvu ya mawimbi. Mafundi huipima kwa desibeli kutoka miliwati moja, na huandika dBm. Miliwati moja ni 0 dBm. Kila ukishuka 10, nguvu hubaki sehemu ya kumi. Kila ukishuka 3, hubaki nusu. Kwa hiyo −90 dBm ni sehemu ya bilioni moja ya miliwati, na mtambo mzuri husikia vizuri sana katika kiwango hicho. Mwisho wa kusikia kwa mitambo mingi ya mkononi ni karibu na −119 dBm, lakini hapo sauti hukwaruza. Msiogope alama ya kutoa. Maana yake ni kwamba −80 ni kubwa kuliko −100, kama vile mwenye deni la shilingi 80 alivyo na nafuu kuliko mwenye deni la shilingi 100.

Tuweke minara miwili katika mfano wetu, mmoja mlimani juu ya Rumonge na wa pili upande wa Nyanza-Lac. Boti yaondoka Kigwena kwenda kusini. Mtambo umeshika mnara wa Rumonge, na nguvu yashuka kidogo kidogo. Je, uuache lini? Ukiweka kiwango chini mno, tuseme −118, mtambo utaung'ang'ania mnara wa Rumonge mpaka sauti iwe vipande vipande, na hali mnara wa Nyanza-Lac uko karibu nao na una nguvu. Ukiweka juu mno, tuseme −80, mtambo utakuwa watafuta minara kila saa, na mtambo unaotafuta hausikii wito. Tena haifai kuhama kwa tofauti ndogo. Mnara mpya uwe na nguvu kuliko wa kwanza kwa desibeli kadhaa, kama 6 hivi, la sivyo boti ikipanda wimbi na kushuka, mtambo nao utahama na kurudi, kuhama na kurudi.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya jambo nitakalolisema sasa, ambalo hata baadhi ya wauzaji wa mitambo hawalijali. Namba ile, au zile alama za vijiti mnazoziona katika kioo, hupima namna wewe unavyousikia mnara. Hazisemi neno lolote juu ya namna mnara unavyokusikia wewe. Mnara hutoa labda wati 50. Mtambo wako wa mkononi hutoa wati 5. Hiyo ni mara kumi, yaani desibeli 10. Upotevu wa njiani ni ule ule kwenda na kurudi. Kwa hiyo mahali unapousikia mnara kwa −110, mnara wakusikia wewe kwa −120, yaani haukusikii kabisa. Mvuvi aona vijiti viwili katika kioo, asikia wenzake wakizungumza bila taabu, na moyo wake watulia. Akibonyeza, haendi popote. Husikia, lakini hasikiki.

Dawa ni hesabu. Ikiwa mnara wahitaji angalau −112 ili uelewe maneno yako, basi wewe uwe wausikia kwa −102 au zaidi. Kwa hiyo kiwango cha kuuacha mnara kisiwe −112, kama mtu angedhani kwa kusoma uwezo wa mtambo peke yake; kiwe −102, ili mtambo uanze kutafuta mnara mwingine wakati ungali unasikika, na usipoupata ukulilie kwamba uko nje ya eneo. Mwenye mtambo wa boti wa wati 25 ana tofauti ya desibeli 3 tu, naye aweza kushuka mpaka −109. Hapa ndipo mafundi wanapojaza namba moja katika mitambo yote, ya mkononi na ya boti, kwa sababu ni rahisi kunakili. Namba iliyo sawa kwa chombo cha wati 25 ni mtego kwa chombo cha wati 5.

Wengine husema, basi tuongeze nguvu. Kutoka wati 5 hadi 25 wapata desibeli 7, na mahali pa wazi desibeli 6 zatosha kuongeza umbali mara mbili. Lakini dunia ni mviringo, na maji ya ziwa hufuata mviringo huo. Nguvu haipiti chini ya upeo wa macho. Kanuni ni hii: tafuta kipeo cha pili cha kimo cha antena moja kwa mita, jumlisha na cha antena nyingine, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita. Boti mbili zenye antena mita 2 juu ya maji zafikiana kwa kilomita 11 na nusu hivi. Mnara wa mita 30 ufukweni waifikia boti ile umbali wa kilomita 28. Uchukue mlingoti ule ule uuweke mlimani, antena iwe mita 400 juu ya ziwa, utaifikia kilomita 88. Wati hazikuongezeka hata moja. Hata mvuvi aliyesimama na kuinua mtambo wake, antena ikielekea juu, hufaidi kuliko aliyeketi nao kifuani, kwa kuwa mwili wa mtu hunywa mawimbi.

Mlima unaokuinua huweza pia kukuficha. Anayetaka kujua kivuli cha mlima atazame ramani ya Kagunga, kijiji cha Tanzania kilicho ukingoni mwa ziwa karibu na mpaka wa Burundi. Mwezi wa Mei 2015 maelfu na maelfu ya Warundi waliokimbia walisongamana pale. Barabara ya gari haikuwapo, milima ilikuwa imekibana kijiji dhidi ya maji, na meli ya Liemba, iliyoundwa Papenburg huko Ujerumani mwaka 1913, ilishiriki kuwavusha kwenda Kigoma. Mahali kama hapo, mnara ulio nyuma ya mlima, hata ukiwa karibu, waweza kushindwa na mnara ulio mbali sana lakini ng'ambo ya maji matupu.

Nasi wa Kigwena tuko hivyo hivyo. Mnara wa nchi jirani waweza kuingia kwetu kwa nguvu kuliko wetu wenyewe ulio nyuma ya kilima. Namba ya utaratibu, ambayo fundi huiandika katika kila mtambo, huuzuia mtambo wako usijiandikishe kwa wenyewe wasiokujua. Lakini namba haizuii masafa mawili yaliyo sawa yasigongane. Kwa sababu hiyo masafa hayachukuliwi ovyo: Burundi huombwa kwa ARCT, Tanzania kwa TCRA, na nchi hupaswa kupatana juu ya yale yanayovuka ziwa.

Kwa walioko darasani, haya hapa maswali mawili. Mlima una antena mita 900 juu ya ziwa, na mvuvi ana antena mita 1 juu ya maji: watafikiana kwa kilomita ngapi? Na la pili: mnara wa wati 100 wahitaji −110 ili kuelewa maneno, na mtambo wa mkononi una wati 5. Tofauti ya nguvu ni mara 20, yaani desibeli 13. Andikeni kiwango cha kuuacha mnara, kisha mwelezeni mwenzenu ambaye hakusoma somo hili kwa nini si −110.